Wimbo Alioubeba Saada

Jumamosi ndiyo siku ya mazishi huku kwetu, na barabara ya kutoka Kakamega mjini kuelekea Khayega haikosi ngoma ya isukuti. Gari lenye jeneza hutangulia polepole, bodaboda zilizofungwa matawi mabichi hulizunguka zikipiga honi, na nyuma yake huja kikundi chenyewe: ngoma zimening'inizwa begani na kubanwa kwapani, kubwa, ya kati na ndogo, pembe inalia, njuga zinajibu. Mbele ya wote hutembea mwimbishaji. Macho yote huwa kwake. Yeye ndiye hulitia jina la marehemu ndani ya wimbo, akamsifu, akamlaumu kwa kuondoka mapema, akawachokoza waliobaki. Karibuni nilisimama kando ya barabara msafara mmoja ukipita, nikamwona mwimbishaji aliyekaukiwa na sauti. Midomo ilikuwa ikienda na mishipa ya shingo imemsimama, lakini hakikutoka kitu. Wimbo haukuanguka. Wanawake waliokuwa wakimwitikia waliushika pale alipouachia, wakaurudia mstari wake bila kuongeza neno wala kupunguza, mpaka akameza mate na kuupokea tena. Msafara ukapinda kona ukashuka, nami nikabaki na swali ambalo halijaniondoka: wimbo ni wa nani, wa yule anayeuanzisha, au wa wale wanaoubeba yeye akishindwa?

Swali hilo limenipeleka mbali, hadi mdomoni mwa mto Tana, kwa Fumo Liyongo. Wanafunzi wetu wa shule za upili wanamjua. Ndiye hutajwa mwanzo mwalimu anapofika kwenye visakale katika somo la fasihi simulizi: jitu refu lenye nguvu, mpiga uta asiyekosa shabaha, mwana wa mfalme aliyenyimwa kiti, akafungwa, akatoroka, na mwishowe akauawa kwa sindano ya shaba kitovuni. Wataalamu hawajakubaliana aliishi lini. Wako wanaomweka karne ya 13 au kabla yake, na wako wanaomsogeza hadi karne ya 16 au 17. Kuhusu mahali hapana ubishi mkubwa: ni Pate, Shaka, Ozi na Kipini, nchi ya mikoko, mito na visiwa, ambako wenyeji huonyesha kaburi lake. Linalosahaulika upesi darasani ni kwamba mtu huyu alikuwa mshairi kabla ya kuwa kitu kingine. Nyimbo za ngoma ya gungu, nyimbo za kuusifu uta, za kujigamba, za kumsifu mwanamke mzuri, nyingi katika zile za kale kabisa tulizorithi kutoka pwani, zimepewa jina lake. Edward Steere alipochapisha ngano za Waswahili mwaka 1870, kisa cha Liyongo kilikuwamo. Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu, mshairi, mchonga mbao na mwandishi wa hati za kupendeza, alimtungia utendi, na ndio tunaousoma hadi leo. Pwani ilikuwa na masultani wengi waliokaa juu ya kiti na kuamrisha majahazi. Waswahili walipotafuta wa kumpenda kuliko wote, walimchukua yule asiyepata kiti, aliyekuwa na beti.

Tuingie naye gerezani. Sultani wa Pate, Daudi Mringwari, ni ndugu yake, na ugomvi wao ni ule ule wa nyumba za kifalme kila mahali: nani mwenye haki ya kiti, na nani anayependwa na watu. Liyongo yuko katika minyororo, walinzi wako mlangoni, na kifo kimeshapangwa. Kila siku Saada, kijakazi wa mama yake, humletea chakula. Walinzi hukipokea, hujichagulia kilicho kizuri wakala, naye mfungwa huachiwa makombo. Uchoyo huo wa walinzi ndio Liyongo alioufanya mlango. Alimwimbia Saada wimbo wa kumpelekea mama, na ndani yake akafumba agizo: oka mkate wa wishwa, katikati yake utie tupa. Wishwa ni makapi yanayobaki nafaka ikishapepetwa, kitu ambacho mtu mwenye uwezo hukimwagia kuku. Mama yake, Mwana Mbwasho, alielewa. Aliwaokea walinzi mikate myeupe, na ule wa wishwa akauoka kwa ajili ya mwanawe. Nauona mkono wa mlinzi ukiingia kapuni. Unaugusa ule mkate wa makapi, mgumu, wenye kukwaruza vidole. Unausukuma kando kwa dharau, unachukua ulio laini. Chuma kilipita mlangoni mchana kweupe kwa sababu hapakuwa na mtu mwenye cheo aliyetaka kuumega mkate wa maskini.

Hapa wasomaji wengi hukimbilia kuona minyororo ikikatwa. Mimi hubaki njiani na Saada. Kutoka gerezani hadi nyumbani kwa Mwana Mbwasho huyu msichana anatembea na kapu tupu, na kinywani ana uhai wa mtu. Hana karatasi. Akisahau mstari mmoja, au akilibadilisha neno kwa sababu hakulielewa, mkate utaokwa bila tupa. Akikutana na watu wa sultani na kuwaimbia wanachokitaka, labda jioni hiyo hiyo ataambiwa si mtumwa tena. Tusipite juu ya jambo hilo. Katika kisa kizima, yeye ndiye mtu pekee ambaye angekuwa na sababu ya haki ya kuisaliti nyumba ile. Liyongo alikuwa amefungwa na ndugu yake kwa muda. Saada alikuwa amefungwa na ulimwengu wote aliokuwa akiujua, na hapakuwa na mkate wowote wa kumletea tupa yake. Utumwa wa pwani ulikuwa utumwa, hata ukiimbwa kwa mizani tamu namna gani, na kijakazi mwaminifu ni sura ambayo mabwana wa kila zama wamependa kujichorea. Sitaki kumpamba. Sidai kwamba alimpenda bwana wake. Ninachokisema ni kwamba wimbo ulifika mzima, na wimbo haufiki mzima kwa miguu. Hufika kwa akili, kwa sikio lililozoea vina, kwa kumbukumbu iliyonolewa na kazi za kila siku za kutwanga na kuimba.

Na hapo nadhani ndipo Liyongo alipoonyesha kwamba alikuwa mshairi kwelikweli. Angeweza kumnong'oneza agizo kwa maneno ya kawaida. Maneno ya kawaida hubadilika njiani. Kila anayeyapokea huyafanya yake, akapunguza, akaongeza, akaweka neno lake mahali pa neno la mwenziwe. Yenye mizani hukataa. Ukigusa neno moja, kina kinavunjika na sikio linalalamika papo hapo. Mshairi anayejua kazi yake hutunga akimfikiria atakayebeba, na humpa mzigo wenye vishikio. Liyongo hakumpa Saada siri ya kulinda tu. Alimpa kitu ambacho chenyewe kingemsaidia kukilinda.

Kisha ikaja ngoma. Kabla ya siku ya kufa alijaliwa haja moja, akaomba gungu ichezwe, na watu wa mji wakakusanyika na ngoma na matoazi yao. Yeye alikuwa ndani, wao nje. Yeye aliwafundisha wimbo, wao wakaupokea. Ulipopamba moto, tupa ikaanza kazi, na kila kiitikio kilipopanda kikaifunika sauti ya chuma kinachokula chuma. Wangenyamaza kidogo, mlinzi angegeuza kichwa. Husemwa kwamba Liyongo alikata minyororo kwa mikono yake, na ni kweli, lakini mikono hiyo ilifanya kazi chini ya dari la sauti za watu ambao hawakujua wanamwokoa nani. Nimeusikiliza utendi huu mara nyingi kama sifa za mtu mmoja. Nikiusikiliza kwa sikio la isukuti nasikia kiitikio kikimbeba mwanzishaji.

Aliyoyafanya baada ya kutoroka nitayapitia upesi, kwa kuwa ndiyo yanayosimuliwa zaidi. Aliishi msituni na wawindaji, Waboni na wenzao, na hao nao wakahongwa wamuue. Wakabuni kula makoma kwa kikoa, kila mmoja apande mkoma kwa zamu yake, wapate kumpiga akiwa juu. Zamu yake ilipofika alivuta uta akayaangusha makoma kwa mishale, akiwa amesimama chini. Hapo sultani akajua kwamba mtu huyu hatauawa na wa mbali. Kikulacho ki nguoni mwako. Akamtafuta mwana wa Liyongo.

Kijana aliahidiwa uwaziri na binti wa mfalme. Akaenda kwa baba yake, akakaa naye, na siku moja akamuuliza ni kitu gani kinachoweza kumuua. Wasimulizi wengine wanasema baba alitambua kwamba mtoto ametumwa. Hata hivyo alijibu, wazi, bila fumbo: sindano ya shaba, kitovuni. Basi tuyaweke maneno mawili ya Liyongo kando kwa kando. Neno la kwanza alilitia katika wimbo akampa mtumwa, na likamtoa gerezani. Neno la pili alilitoa hivi hivi, likiwa uchi, akampa damu yake, na likamtoa duniani. Husemwa kwamba damu ni nzito kuliko maji. Katika kisa hiki damu iliuzwa kwa cheo ambacho hakikutolewa, maana kijana hakupata uwaziri wala bibi harusi, na Saada ambaye hakuwa na tone la damu hiyo hakuuza kitu. Nimejaribu kujiambia kwamba ni bahati tu ya hadithi. Siamini. Nadhani kale ile ilijua jambo ambalo sisi tunaolinda urithi kwa vyeti vya kuzaliwa hatupendi kulisikia: aliye karibu nawe kwa ukoo anaweza kuwa mbali kabisa na neno lako.

Ulaya nayo ilikuwa na Liyongo wake. Katika karne ya 12, kaskazini mwa Wales, mfalme Owain wa Gwynedd alikuwa na mwana aliyeitwa Hywel, aliyezaliwa na mwanamke wa Ireland. Hywel alipigana vita vya baba yake, akateka ngome, akapewa nchi akaipoteza, na katikati ya hayo alitunga mashairi. Aliisifu nchi yake, pwani zake na milima yake, akawasifu wanawake kwa namna ambayo washairi wa nyumba za wafalme wa huko hawakuwa wameizoea. Ni miongoni mwa wa kwanza katika lugha ya Wales kutunga juu ya mapenzi na yakahifadhiwa. Owain alifariki mwaka 1170. Kabla ya mwaka huo kwisha, ndugu zake Hywel wa kwa baba, Dafydd na Rhodri, walimshambulia huko Pentraeth katika kisiwa cha Anglesey wakamuua. Ni kile kiti tena. Lakini watu wa Wales walikuwa na desturi ya kuwapeleka wana wa wafalme kulelewa katika nyumba za watu wengine, na Hywel alikuwa amelelewa pamoja na wana wa mtu aliyeitwa Cedifor. Hao walisimama naye siku ile, wengine wakafa naye. Mmoja wao aliyebaki, Peryf, ndiye aliyetunga maombolezo. Ndugu wa damu walimwua; ndugu wa kulelewa walimbeba, kwanza kwa silaha, kisha kwa wimbo. Mnamo mwaka 1300 watawa wakayaandika mashairi ya enzi ile katika hati ambayo bado ipo, na humo mashairi ya Hywel yamekaa mpaka leo, manane kwa hesabu. Dafydd alitawala, Rhodri naye alitawala. Wanaowasoma leo huwafikia kwa kupitia jina la waliyemuua.

Sisi wa magharibi mwa Kenya tuna jirani wa kisa hiki. Kutoka kwa Wajaluo wa Kano tulimpata Luanda Magere, shujaa mwenye mwili wa jiwe, ambaye uhai wake ulikuwa katika kivuli chake. Maadui walimwoza binti yao, naye siku mume wake alipougua akaambiwa amchanje kivulini, akaiona damu, akaipeleka habari kwao. Wanafunzi wa Kakamega hupenda kuwalinganisha Luanda Magere na Liyongo, na hulinganisha vizuri: nguvu, siri, usaliti. Samsoni wa Biblia humfuata Luanda hatua kwa hatua. Lakini tazama Liyongo anavyotoka katika safu hiyo. Kwa wenzake, mwanamke ndiye mlango wa kifo. Kwake yeye, wanawake ndio walioushika uhai: mmoja aliubeba wimbo, mwingine akaufumbua na kukanda unga. Aliyemwua ni mwana wa kiume, aliyekuwa akitazamiwa kuliendeleza jina. Nimeshangaa miaka mingi kwamba katika maelezo ya sifa za shujaa wa visakale jambo hili halipewi hata mstari.

Na hebu tuulize Kiswahili chenyewe kilifikaje huku, hata mtoto wa Shinyalu akaulizwa habari za Pate katika mtihani. Nabongo Mumia aliposhika utawala wa Wanga mwaka 1882, misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilikuwa imeshaijua njia ya Elureko, palipo Mumias ya leo, ikitafuta pembe za ndovu na chakula cha safari. Mwaka uliofuata msafiri Joseph Thomson alipita hapo, na mwaka 1885 Askofu Hannington akapita akielekea Busoga alikouawa. Majina hayo yamo vitabuni. Waliobeba mizigo yao hawamo. Wapagazi walilala kando ya kuta za nje za boma la Nabongo, wakapika, wakaugua, wakapatana bei ya mtama, wengine wakaoa wakabaki, na kwa vinywa vyao lugha ya Liyongo ikaingia katika nchi ya Waluhya pamoja na swala na vazi la kanzu. Misikiti ya Mumias ni ushahidi unaoonekana. Ushahidi usioonekana ni huu ukurasa unaousoma. Lugha nzima ilikuja huku vile vile alivyokwenda Saada, kichwani mwa watu waliokuwa wamebeba kitu cha mtu mwingine.

Narudi kwenye kifo, kwa sababu hapo mshairi na umati wake wanakutana mara ya mwisho. Alipochomwa usingizini Liyongo aliamka, akachukua uta wake, akatoka hadi karibu na kisima, akapiga goti, akatia mshale, akafa hivyo hivyo, ameelekeza. Watu wa mji wakakaa siku kadhaa bila maji. Kila aliyekwenda na mtungi alimwona kwa mbali akarudi mbio. Ndipo wakamwendea Mwana Mbwasho, akambembeleze mwanawe apoe hasira. Mama akaenda, akasema naye kwa upole kama alivyosema naye alipokuwa mtoto, akimwogopa na kumhurumia, na maiti haikujibu. Ilipoanguka ndipo wakajua. Mwanamke aliyelielewa fumbo la gerezani safari hii hakuwa na fumbo la kufumbua, wala kijakazi wa kumletea. Mstari ulikuwa umekatika upande wa mtumaji.

Baada ya hapo Saada hatajwi. Mwana msaliti ana mwisho wake, wa aibu na maradhi; sultani ana wake; Liyongo ana kaburi Ozi na wageni wanaolitembelea. Msichana aliyepita mlangoni na wimbo hana kaburi linaloonyeshwa, na sijasikia popote kwamba aliachwa huru. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu huku kwetu hali si tofauti. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa kuwa wanaoijua wengi ni wazee na wanaowafuata ni wachache. Tukisikia hivyo tunakwenda kumtafuta mpiga ngoma hodari na mwimbishaji mashuhuri, tunawarekodi, tunawapa cheti. Ni vyema. Lakini kitakachokatika kwanza ni kiitikio. Siku wasipopatikana watu ishirini wa kuupokea mstari kando ya barabara, mwimbishaji bora kuliko wote atakuwa mtu anayesema peke yake.

Basi nawaomba walimu wa Kiswahili, na watunga mitihani pia, jambo dogo linalowezekana muhula huu huu. Mkimaliza kuwauliza wanafunzi sifa za shujaa, ongezeni swali moja: wimbo wa Liyongo ulifikaje kwa mama yake? Na katika kusahihisha, msikubali jibu la "kijakazi". Jina lake limo katika utendi. Anayetaka alama aliandike: Saada.